Mtihani wa Kiwewe

Glavu ya kwanza ilichanika. Ya pili ikamponyoka ikaanguka chini, na muuguzi ambaye wodi nzima ilimwita Kiwewe akajua siku yake imeshaingia mchanga.

Si kwamba kazi hakuijua. Akiwa hana wa kumtazama, alizalisha kama mtu anayemenya ndizi. Ila akimwona mtahini tu, mikono yake iligeuka ya kuazima. Alishafeli mara mbili. Akifeli na leo, anatolewa chumba cha kuzalia na kupelekwa stoo kukunja mashuka, na chumba hicho alikipenda kuliko hata kwake.

Mtihani ulikuwa ufanyike kwa mwanasesere wa plastiki. Mwanasesere bado yumo kwenye sanduku lake, uchungu wa kweli ukaanza, mapema kuliko ilivyotarajiwa, na mzazi hakuwa na hata soksi ya mtoto.

"Mtihani si umeahirishwa jamani?" shoga yake, muuguzi mwenzake, alinong'ona huku akipanga vifaa.

"Nani kasema?" mtahini alidakia. Sauti yake ilitoka upande wa kichwani mwa kitanda. "Mzazi yupo, muuguzi yupo. Tunaendelea. Umenawa?"

"Nimenawa, mama."

"Nawa tena. Umeokota glavu."

Kiwewe akanawa tena. Uchungu ukaja, mzazi akalia, na maswali yakasimama mpaka ulipopita.

"Mzazi hatakiwi kusukuma wakati gani?"

"Kama njia haijafunguka yote, mama."

"Na sasa?"

"Imefunguka yote."

"Afadhali," mtahini alisema, kama mtu aliyeletewa habari njema za nyumbani.

Kichwa kikaanza kuonekana, na maswali nayo yakazidi. Kimefika wapi? Kina nywele? Shoga akabana kicheko, maana nywele hazijawahi kuwa kwenye mtihani wa mwaka wowote. Hapo Kiwewe akasahau kama kuna kufaulu na kufeli.

"Mama, maswali baadaye," alisema. "Sasa hivi kimya."

Shoga nusura aangushe mkasi. Hakuna aliyewahi kumwambia mtahini anyamaze. Cha ajabu, mtahini akatii.

Mikono ya Kiwewe ikatulia. Akakizuia kichwa kisitoke kwa pupa, akapapasa shingoni, akakuta kamba ya kitovu imezunguka, akaipitisha juu ya kichwa taratibu. Bega moja, bega la pili, na mtoto huyo: wa kike, mwekundu, anafoka kama mama mkwe aliyecheleweshewa chai. Chumba kizima kikaangua kicheko. Mtahini alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Kiwewe alimfuta mtoto, akamfunika, kisha akabaki amemkumbatia, anamchekea kama zuzu.

"Swali la mwisho," mtahini alisema. "Mtoto akishafutwa, anawekwa wapi?"

"Kifuani kwa mama yake."

"Sawasawa. Umefaulu." Mtahini akajiinua kidogo kwenye mto, akanyoosha mikono. "Haya, nipe mwanangu."