Jiko la Mashua ya Gulamali

Jiko la kwanza Gulamali alilikataa kwa sababu lilikuwa zuri mno.

Masolwa, fundi wa vyuma wa mtaa wa Chemchem, Tabora, alidhani hakusikia sawasawa. Akalifuta vumbi, akamwonyesha miguu yake iliyopindwa kwa ustadi. Gulamali akatikisa kichwa. La pili lilikuwa na wavu badala ya nondo. La tatu nondo zake zilikuwa zimechomelewa, naye alitaka za kuchomoka moja moja, ati ziwe rahisi kuosha. Mwisho akaenda mwenyewe kwenye lundo la vyuma chakavu, akavuta jiko la kuchomea nyama lililopinda mguu, akasema amepata.

Masolwa alimweleza kwamba hilo alikuwa analikatakata. Mashua ndogo, akasema, yatosha jiko la mkaa la kawaida. Hili hata nyumbani ni mzigo. Gulamali akajibu kwamba atachoma samaki njiani. Kisha akaomba kuazima mvukuto, na fundi akampa huku akimwonea huruma. Mwaka ule majengo yalipotaifishwa, wengi pale mjini walianza kuzungumza peke yao.

Safari yenyewe ilikuwa siri ya watu wawili. Kwa majirani walisema wanakwenda kupumzika kwa shemeji huko Kigoma, na kuvua samaki kidogo kwa mashua yake. Kweli ilikuwa kwamba kutoka Kigoma wangeingia mashua ya tanga na kwenda Bujumbura kwa binti yao Bilkis, wasirudi tena. Jengo lao lilikuwa limechukuliwa na serikali, na duka lilikuwa limebaki na viberiti na chumvi. Babu yake Gulamali aliifuata njia ya misafara mpaka Tabora akiwa mikono mitupu, na sasa mjukuu alikuwa anaimalizia njia ile ile vivyo hivyo.

Hayo yote Nargis, mkewe, alishayakubali. Alichoshindwa kukubali ni bangili zake za dhahabu. Mama yake alimvika siku ya harusi, na kwao mali ya namna hiyo ni ya mke peke yake, mume haigusi hata njaa ikibisha hodi. Gulamali alizichukua bila kumwuliza, akasema ameziuza kulipia mashua. Nargis alilia siku nzima. Baada ya hapo akanyamaza, na mwanamke yule akinyamaza, nyumba nzima ilikuwa inaumwa.

Halafu mume huyo huyo akaja na jiko la kuchomea nyama.

Akajifungia nalo stoo pamoja na ule mvukuto, akawa anatoka na masizi mpaka puani. Alisema anazichoma nondo kwa mafuta, maji ya ziwa yasizile kwa kutu. Nargis alimsikiliza, akaamini kwamba akili za mumewe nazo zimekwenda na lile jengo.

Walipofika Kigoma, askari waliwapekua. Walifungua masanduku, wakapasua mto, wakakagua hata pindo za mtandio. Mkubwa wao akamwuliza Nargis kama wameficha kitu chochote. Nargis hakuwahi kuweza kusema uongo. Akijaribu tu, shingo ilimwiva, na Tabora nzima ilimjua hivyo. Akamtazama yule askari usoni.

"Mwanangu, hatuna tena kitu cha kuficha," akasema.

Askari aliona aibu. Akalisukuma lile jiko kwa ncha ya kiatu, akawaambia wafunge mizigo yao.

Alfajiri iliyofuata walipanda mashua ya mtu aliyeitwa Anton. Walikuwa hawamjui, ila kwa jina tu. Mchana Nargis alitaka kupasha moto chapati, Gulamali akamkataza kuliwasha jiko. Upepo ni mkali, akasema. Upepo ulikuwa haujaanza hata kupepea tanga. Wakala chapati baridi, na Nargis akalichukia lile jiko kama mtu anavyomchukia mke mwenza.

Upepo wenyewe ulikuja baada ya hapo, tena kwa ghafla. Mawimbi yakaruka ndani, Anton akawa anakumba maji kwa kopo na kupiga kelele kwamba vitu vizito vitupwe. Gulamali alitupa masanduku. Alitupa gunia la mchele, akatupa na viatu vyake. Lakini jiko alilibana kati ya magoti, akaanza kuhangaika kuzichomoa nondo zake, vidole vinateleza.

"Mzee, chuma hicho kitatuua!" Anton akapaza sauti.

Gulamali akafungua kinywa. Akamtazama Anton, mtu asiyemjua, na panga lake lililochomekwa pembeni mwa usukani, akakifunga.

Nargis alimwona mumewe anatengua jiko katikati ya kifo. Moyo ukamuuma kwa hasira na huruma pamoja. Wimbi lilipompiga Gulamali akashika mlingoti, na hapo ndipo mkewe alipolinyakua lile jiko. Lilikuwa zito kuliko alivyodhani. Akalitupa.

Mashua ikainuka. Haukupita muda upepo ukachoka, na kwa mbali milima ikaonekana tena. Nargis alijikuta anacheka. Tangu mwaka ule uanze hakuwa amecheka. Akamshika mumewe mkono, mara ya kwanza tangu bangili ziondoke.

"Usikasirike, Baba Bilkis. Tukifika tutanunua jingine."

Gulamali alikuwa ameinama, anayatazama maji. Hakujali tena kama Anton anasikia.

"Zile nondo, Mama Bilkis," akasema, "ndizo bangili zako."