Siagi Mkononi

Baba mkubwa alikuwa ameshachota siagi kwa vidole viwili. Wageni waliokuja kuniposa walijaa sebuleni kwetu Merigi, wakingoja nipakwe kichwani, uchumba ufungwe.

Nikasimama mbele yao. Mikono mapajani, mgongo umenyooka, nikainama polepole hadi nikaona matope ya shamba kwenye viatu vyao.

"Rodah amekubali!" mama mmoja kati yao akapiga vigelegele. "Na heshima yote hiyo!"

Barua ya kwenda kufundisha Kiingereza Japani ilikuwa imefika Machi 1996. Baba alisema nitaisahau nikishaolewa. Mimi nikawa nachuma chai huku nikikariri Kijapani, na kila nikifika mwisho wa mstari wa michai, nainama kama kitabu kilivyoonyesha.

Vidole vya baba mkubwa vikakaribia nywele zangu. Nikainuka, nikaudaka mkono wake hewani. Siagi ilikuwa imeanza kuyeyuka, ikateremka mpaka kwenye saa yake. Sikumwachilia.

"Rodah, unafanya nini?" baba akafoka.

"Huko Japani watu huagana kwa kuinama hivyo, baba," nikasema. "Nilikuwa nawaaga."