Amplifaya Iliyonyamaza

Amplifaya ya mpiga besi ilikuwa imetulia kama maji mtungini. Mvumo uliowaudhi wanabendi kila siku ya mazoezi ulikwisha asubuhi hiyo, mwenyewe alipofungua plagi yake na kuukata waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja.

"Umeipa dawa gani, kaka?" aliuliza mdogo wake, mwimbaji wa bendi, huku akipiga deki miguu mitupu.

"Fundi hatoi siri."

Akavaa gitaa lake la besi, akashika nyuzi, akanyoosha mkono kusogeza maikrofoni. Kitu kikamng'ata kidoleni kama siafu. Akagusa tena, taratibu. Safari hii kikampanda hadi kiwikoni.

Akalivua gitaa, akaliegemeza ukutani, akapiga magoti nyuma ya maspika kuitafuta plagi ya amplifaya aichomoe.

"Ngoja na mimi nijaribu," alisikia.

Akainua kichwa. Mdogo wake alikuwa ameshalivaa. Nyayo zake zilimeta kwa maji ya deki, na vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa vimezibana nyuzi zote.

"Liweke chini! Usiguse hiyo..."

"Lo, uchoyo gani huo! Kwani nitalila?" akacheka, na kwa mkono wa kulia akaivuta maikrofoni mdomoni.