Rundo la Shujaa

Bibi Esteri alikuwa amekwisha kuondoa jiwe la saba Badru alipomwona.

"Bibi! Wenzako wanaweka, wewe unaondoa?"

"Wao waweke yao," alijibu bila kugeuka. "Mimi natafuta langu. Ni moja tu."

Wageni walicheka. Walikuwa walimu kutoka Kasulu mjini, wamepanda kwa miguu kutoka Heru Juu tangu asubuhi, kila mmoja na jiwe aliloliokota mtoni. Ndivyo Badru anavyowafundisha watalii wake. Wakifika njia panda wanakuta rundo la mawe linalomfikia mtu kifuani, na hapo kila mgeni anaweka jiwe lake kumheshimu shujaa aliyelala chini, kisha anapigwa picha.

Shujaa gani? Badru, ambaye baba yake anauza vitenge mjini na babu yake alitoka Pangani, alikuwa na majibu mawili. Mbele ya wanafunzi, shujaa alikuwa askari wa mwami, mtawala wa Waha wa zamani. Mbele ya watu wazima, alikuwa mpagazi wa chumvi ya Uvinza aliyekufa akiwapigania wenzake. Wageni waliyapenda yote mawili, na Badru mwenyewe alikuwa ameanza kuyaamini.

Bibi Esteri alikuwa tatizo lake la kila Jumamosi. Miezi minne sasa anapanda na msafara, analipa kiingilio kama wengine, halafu akifika anavua kandambili, anasema "Mwakeye", salamu ya asubuhi ya Kiha, kwa sauti ndogo kama anayebisha hodi, na kuanza kazi. Goti lake moja ni bovu. Mawe hayatupi, anayapanga kando ya njia, taratibu, mithili ya mtu anayepanga viazi sokoni. Wageni wakiongeza juu, yeye anachimba ubavuni, na pale chini sasa palikuwa na shimo la kuingiza mkono wote.

Heru Juu nzima ilijua anachotafuta: rupia za Mjerumani. Kikongwe wa miaka sabini na mbili atajitesa hivyo kwa ajili ya nini kingine? Kijana mmoja alishajitolea kumsaidia, wagawane nusu kwa nusu. Alifukuzwa kwa fimbo.

Lakini Jumamosi hii ilikuwa ya mwisho. Kamati ya njia ya utalii ilikuwa imeamua kulijengea rundo lile kwa saruji liwe mnara, na kulitundikia kibao. Likishapigwa zege, hata nyundo isingetosha. Bibi Esteri alilijua hilo, na leo mikono yake ilikwenda mbio hadi kucha zikatoka damu.

Bodaboda mbili zilipanda zikinguruma, zimebeba mifuko. Venanti, mwenyekiti wa kamati, alishuka na kujifuta vumbi usoni.

"Bibi, toka hapo. Leo tunapiga zege."

"Pigeni. Mtapiga na mimi nikiwa humu."

"Nitamwita mgambo."

"Mwite. Huyo mgambo ni mjukuu wangu, na fimbo hii anaijua."

Walimu walicheka tena. Venanti hakucheka. "Unaharibu historia ya wilaya nzima kwa tamaa zako!"

Hapo ndipo Bibi Esteri aligeuka. Hasira ilikuwa imemjaa.

"Historia ya nani, Venanti? Huyu mtoto wa mjini namsamehe, hajui. Wewe ni Muha, umezaliwa bonde hili. Lini ulisikia Waha wamemzika shujaa njia panda?"

Venanti alianza kufungua kamba za mifuko ya saruji, kamba ambazo zilikuwa zimeshafunguliwa.

Mwalimu mmoja, Faudhia, alikuwa ameinua jiwe lake tayari kuliweka. Aliliacha hewani. "Kwani mashujaa walizikwa wapi, bibi?"

"Nyumbani, mwanangu. Karibu na watu wao. Huku waliletwa wale walioitwa mkosi. Mwanamke wa hapa akifa na mimba tumboni, hakurudishwa kwake. Walimfukia njia panda, na kila mpita njia akamtupia jiwe ili asimfuate nyumbani."

Faudhia alishusha mkono. Nyuma yake mtu alizima simu.

"Lakini mimi..." Badru alilitazama rundo. "Mimi kila wiki nawaleta watu..."

"Ndiyo. Kwa mwaka mmoja mmemtupia mengi kuliko wazee wote waliowatangulia. Tena mnapiga na picha."

Alisema hivyo na kulala kifudifudi, akaingiza mkono shimoni hadi begani. Mawe ya juu yaliteleza. Badru alipiga kelele kumwonya, lakini bibi alizidi kujisukuma ndani, shavu limegandamizwa kwenye mawe, macho ameyafumba. Wote waliona jinsi bega lake lilivyoacha kusukuma.

Aliutoa mkono polepole, ngumi imefungwa.

Venanti, pamoja na uenyekiti wake, hakuweza kujizuia. Alisogea. "Rupia?"

Bibi Esteri alifungua ngumi. Kiganjani palikuwa na kijiwe cheupe, laini, kidogo kuliko yai la njiwa.

"Hayo mengine mtayaondoa ninyi," alisema. "Hili la kwanza nimeliondoa mwenyewe. Mama alinipa nichezee mdako, na nilikuwa na miaka sita waliponishika mkono nimtupie."