Programu Inayolala

Ombi la ambulensi liliingia ofisini Galu kutoka Munje: mama mjamzito alikuwa akivuja damu. Programu ya kutafuta dereva, ambayo hulala isipotumiwa, ilikuwa bado inaamka.

Jumwa, mtunzi wa programu hapo ofisini, alikuwa ameiandika upya kwa injini nyepesi ya JavaScript, lugha ya kompyuta, inayoamka papo hapo. Meneja alikuwa ameikataa mbele ya wafanyakazi wote.

"Ukiwasha takataka yako hiyo, kazi huna," meneja alisema, akimwinamia mpaka mate yakamrukia shavuni.

Jumwa hakuyafuta. Alibonyeza kitufe, akaiwasha programu yake.

"Nimelipata ombi la Munje, natoka sasa hivi," sauti ya dereva ilisikika.

Meneja alinyoosha mkono. "Lete kitambulisho cha kazi."

"Ngoja," Jumwa alimjibu bila kumtazama. "Kuna mwengine anaita ambulensi kutoka Kinondo."