Birika la Maua Mekundu

Gaudensia alichora ua la mwisho kwenye birika kwa rangi ya kucha ya mjukuu wake. Birika lile la kauri lilikuwa jeupe tangu siku ya harusi yake na mumewe. Sasa lilikuwa la bluu, kwa rangi iliyobaki walipopaka madirisha, na maua mekundu saba, sawasawa na birika la yule mama wa kwenye tamthilia ya televisheni.

Tangu masika mumewe hakumtambua tena. Leo ilikuwa siku ya tatu anakataa chai yake.

"Sinywi cha mtu nisiyemjua," alisema.

Lakini yule mama wa kwenye televisheni, kila akitokea na birika lake, mzee alimwamkia kwa furaha.

Rangi ilipokauka, Gaudensia akaingia nalo. Akamimina kidogo, akaonja kwanza mbele yake, kama desturi ya kwao inavyotaka.

Mzee akayatazama maua. Uso ukamchangamka.

"Kumbe umekuja! Karibu, mama. Karibu kwetu Maruku."

Akanywa kikombe kizima, akaongeza cha pili. Gaudensia akasogea, akamfuta kidevu kwa ncha ya kitenge, mkono akauacha pale shavuni.

Mzee akauondoa taratibu, kwa heshima.

"Sasa nenda, mama. Mke wangu yuko kibanjani, kwenye migomba yetu. Akirudi akikukuta hapa, ataumia."

Gaudensia akatokea mlango wa nyuma. Akasimama kwenye migomba mpaka macho yakakauka. Kisha akazunguka mbele ya nyumba yake, akapiga hodi.