Chonge za Zawena

Mganga alikuwa ameshanoa spoku ya baiskeli na kuipitisha motoni. Mtoto wa Zawena, wa miezi sita, alikuwa akiharisha kwa siku ya pili, na fizi zilikuwa zimemvimba. Mama mkwe alishakata shauri: ni meno ya plastiki, vile vijino laini vya chonge vinavyodaiwa kujificha ndani ya fizi na kuharisha watoto, yachokolewe kabla hayajamuua.

“Mlete,” mganga alisema.

“Simleti.”

“Usinitie aibu, Zawena!” mama mkwe alifoka. “Hata wewe mzee huyu huyu alikutoa hayo meno, na uko hai.”

“Alinitoa, mama.”

Miaka yote Zawena alicheka huku ameziba mdomo kwa kiganja. Sasa aliupanua, akavuta shavu la kulia, kisha la kushoto, akamsogelea mganga. Mahali pa chonge palikuwa na mapengo mawili. Jino halikuwahi kuota hapo.

“Tazama kazi yako, babu. Tazama vizuri.”

Mganga akaitazama spoku.

Zawena akamfunga mtoto kifuani, akashika njia ya zahanati, kelele za mama mkwe zikimfuata. Njiani mtoto alikidaka kidole cha mama yake, akakibana kwa fizi, akauma kwa nguvu zote zilizombakia. Kiliuma. Zawena hakukitoa.